Nasaha kwa Mpwa Juu ya Njia ya Maporomoko ya Sanje

Kwa mpwa mpendwa,

Mpwa anaandikiwa barua hii kwa sababu habari imemfikia mjomba wake kwamba, mara chuo kitakapofungwa, yeye na wenzake wanakusudia kupanda hadi maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na kwamba wamejitengea saa mbili tu za kwenda na kurudi ili wawahi basi la mchana. Nia hiyo ni njema na hakuna wa kuipinga. Kinachohitaji nasaha ni hizo saa mbili. Njia yenyewe ni fupi kweli, kwa kuwa ni mzunguko wa kilomita chache tu kutoka kijiji cha Sanje, lakini katika msitu wa mlimani umbali haupimwi kwa kilomita pekee, bali pia kwa mwinuko, kwa unyevu wa ardhi, na kwa wingi wa mambo yanayomtaka mpitaji asimame na kutazama. Na kwa vipimo hivyo njia hii inastahili kupewa nusu ya siku, wala si chini ya hapo.

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yaani mlolongo wa milima ya miamba ya kale sana unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru, na kushuka hadi bonde la Kilombero. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga milima hii zikiwa zimebeba unyevu, zikapanda, zikapoa na kumwaga mvua, na kwa kuwa hali hiyo imedumu kwa mamilioni ya miaka, misitu ya hapo iliendelea kuishi hata katika enzi ambazo nchi zilizoizunguka zilikauka na kugeuka nyika. Ndiyo sababu milima hii imejaa viumbe wa pekee, yaani wale ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ni miongoni mwa maeneo machache ya Afrika ambako msitu hupanda bila kukatika kutoka bondeni, kwenye mita zipatazo 250 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye baridi ya juu. Mwenye kutembea haraka hatayaona mabadiliko hayo. Mwenye kwenda polepole ataona miti ikibadilika, majani yakizidi kuwa na unyevu, na kuvumwani, yaani viumbe vinavyotokana na muungano wa kuvu na mwani, vikizidi kufunika magome.

Kwa hiyo nasaha ya kwanza ni ya ukimya, na inayo sababu ya kihistoria. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walipokuwa wakichunguza mbega katika msitu wa Mwanihana, ambao ndio huo huo unaopanda juu ya Sanje, walisikia mlio wa kima wasiyemfahamu. Wenyeji walimfahamu siku zote na walimwita ngolaga. Wataalamu ndio waliokuwa wamechelewa, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko vitabu vinavyopenda kukiri. Kima huyo leo anajulikana kwa jina la kisayansi Cercocebus sanjei, hivyo jina la kijiji hicho kidogo limeingia katika orodha ya viumbe wa dunia. La kuzingatia hapa ni kwamba alijulikana kwanza kwa sikio, na kwamba hutumia muda mwingi ardhini akipekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu, kwa hiyo kundi la vijana linalopanda na muziki wa simu litampita hatua kumi kando ya njia na kurudi mjini likisema kwamba msitu ule hauna wanyama. Mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye naye hapatikani nje ya eneo hilo, huonekana kwa urahisi zaidi kwa sababu hukaa juu mitini, lakini hata yeye hutaka mtu asimame na kuinua uso.

Kuhusu matayarisho, maneno machache yatatosha, kwa kuwa mpwa ni mtu mzima. Vibali hupatikana katika lango la Mang'ula, na mwongoza watalii ni wa lazima. Mpwa asimhesabu kuwa gharama iliyoongezwa bure, kwa maana tembo na nyati hupita katika misitu hiyo, na mwongozaji ndiye anayejua kinyesi kibichi kinamaanisha nini. Kandambili na makubazi vibaki nyumbani. Suruali iwe ndefu na miisho yake ichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na pembezoni mwa msitu mikono isishikeshike mimea ovyo, kwani upupu huota mahali kama hapo. Wakati wa masika, hasa kuanzia Machi hadi Mei, njia huteleza mno na safari ni afadhali iahirishwe. Zaidi ya hayo, upande huu wa mlima unatazama mashariki, maana yake jua huyaangazia maporomoko asubuhi, ilhali alasiri mlima wenyewe huliziba jua na giza huingia msituni mapema kuliko saa inavyoonyesha. Anayeanza kupanda saa mbili asubuhi hupata mwanga wote, na anayeanza saa nane mchana hupata mabaki yake.

Maporomoko ya Sanje hushuka jumla ya mita zipatazo 170 kwa ngazi tatu, na chini ya miangusho kuna vidimbwi ambavyo wageni huogea. Hapo ndipo penye hatari. Mwamba unaorushiwa manyunyu mchana kutwa huota utando mwembamba wa mwani, yaani mimea sahili ya majini isiyo na mizizi wala shina, na utando huo huteleza hata pale unapoonekana mkavu. Kwa hiyo ukingo wa juu wa maporomoko, ambako kila kijana hutamani kupigwa picha, usikaribiwe hata kidogo, na mwongozaji akisema watu wasimame hapa, wasimame hapo hapo bila mjadala. Mtu asijirushe kidimbwini kwa kichwa, kwa sababu mafuriko ya kila msimu husogeza mawe, na kina kilichokuwepo mwaka jana si hoja ya mwaka huu. Tena maji yakibadilika rangi ghafla na kuwa ya udongo, au yakianza kubeba majani na vijiti, wote watoke mara moja hata kama anga ya hapo ni nyeupe, maana mvua iliyonyesha juu mlimani huwafikia waogaji bila wao kuona tone.

Jambo lililobaki halimo katika maonyo ya kawaida, nalo pengine litamshangaza mpwa: viatu vioshwe na kukaushwa kabisa kabla ya kuingia msituni, hasa kama vimetoka kukanyaga tope la msitu mwingine. Katika milima hiyo hiyo ya Udzungwa, kwenye maporomoko ya mto Kihansi, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa manjano aliyeishi katika eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na manyunyu, na ambaye, tofauti na vyura wengi, huzaa watoto waliokamilika badala ya kutaga mayai. Bwawa la umeme lilipoanza kazi karibu na mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua, hata ikabidi vifungwe vinyunyizio vya bandia. Kisha mwaka 2003 idadi ya vyura iliporomoka, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuvu iitwayo kitridi, ambayo hushambulia ngozi ya vyura na inaweza kusafiri katika maji na tope. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, akabaki katika bustani za wanyama za Marekani alikokuwa amepelekwa mapema, na kuanzia mwaka 2012 vizazi vyake vikaanza kurejeshwa Kihansi. Watu wengi humtaja chura huyo kwa mzaha, kana kwamba umeme na chura ni mizani isiyohitaji kufikiriwa. Mzaha huo haufai kwa mtu anayekwenda kusimama kwenye manyunyu ya aina ile ile, na kwa sababu hiyo hiyo sabuni isitumike katika vidimbwi vya Sanje, hata ile inayouzwa kwa jina la asili.

Mpwa asisahau pia kwamba maji hayo yana wenyewe huko chini. Kutoka juu ya maporomoko ataliona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yaliyonyooka hadi upeo wa macho, na vijiji ambavyo hadi mwaka 2011 viliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizokauka, kabla ya ruhusa hiyo kusitishwa. Iwapo mama mmoja wa Sanje atalalamika juu ya bei ya mkaa, mpwa amsikilize kwa adabu na asianze kumhubiria juu ya uhifadhi, kwani huyo ndiye anayelipa kila siku gharama ya msitu ambao mgeni huufurahia kwa asubuhi moja.

Nauli na ada ya hifadhi zimekwisha kutumwa kupitia kwa mama yake. Kitakachobaki kitumike kula chakula cha mchana pale kijijini, na basi la mchana liachwe liende; yapo mengine jioni kuelekea Mikumi.

Wasalaam,
Mjomba, Morogoro