Kufundisha Vita kwa Udongo na Masizi

Kati ya zana zote ambazo mwalimu wa shule ya msingi aweza kufaragua kwa mikono yake, mfano wa mandhari ya vita ndio unaoogopwa kuliko yote. Wako wanaouogopa kwa kudhani kuwa wahitaji vifaa vya dukani, na wako wanaochelea kuwafundisha watoto kupenda bunduki. Hofu ya kwanza ni nyepesi, nasi tutaijibu kwa udongo na masizi. Ya pili ni nzito, wala hatutaki mwanachuo aiache mlangoni anapoingia darasani.

Mfano tunaousema ni ule ambao mafundi wa Ulaya huuita dayorama: kipande cha nchi kilichopunguzwa kwa skeli moja, chenye ardhi, miti, watu na wanyama, kikionyesha tukio moja katika saa moja. Huko viwandani hutolewa watu wa plastiki wa skeli ya 1:35, na watu wazima hutumia miezi mizima kuwapaka rangi. Sisi tumeifanya kazi hiyo pamoja na Darasa la Tano la shule moja wilayani Mbulu, kisha na shule nyingine karibu na Katesh, wilayani Hanang. Vitu tulivyonunua ni brashi mbili na karatasi ya msasa.

Tukio tulilolichagua lilipita karibu na nyumbani. Mwanzoni mwa Aprili 1916, Jenerali Jacob van Deventer aliondoka Arusha na wapanda farasi wa Afrika Kusini kuelekea Kondoa Irangi. Njiani aliuzingira mlima Lolkisale, ambako ndiko kulikokuwa na maji ya kutegemewa katika nyika ile kavu, na baada ya mapigano watu zaidi ya 400 wa upande wa Wajerumani walisalimu amri. Kisha msafara ukashuka hadi Ufiome, chini ya mlima Kwaraa, katika nchi ya Wagorowa. Leo ni Babati, nayo hadi mwaka 1985 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Hanang. Kondoa Irangi iliangukia mikononi mwao tarehe 19 Aprili. Lakini masika yalikuwa yamekwisha kufungua milango yake. Mamia ya farasi walikufa kwa maradhi na uchovu, magari yakazama matopeni, na chakula cha askari kikawa hakina njia ya kuwafikia ila juu ya vichwa vya wapagazi kutoka Lolkisale.

Saa tuliyoitaka, basi, ni saa ya matope. Hatukutaka mapigano ya Lolkisale, ingawa wavulana waliyalilia sana.

Anza na hesabu kabla ya udongo. Mtu wa mita 1.70, ukimgawa kwa 35, huwa na urefu wa karibu sentimeta 5. Farasi wa mita 1.50 begani huwa na sentimeta 4.3. Waache watoto wenyewe wapige hesabu hii na kukata kijiti cha kupimia, maana bila ya kijiti hicho kila farasi atakuwa mkubwa kama tembo na kila jenerali atakuwa na kichwa kama boga. Ubao wetu ulikuwa na sentimeta 70 kwa 105. Yaani nchi ya mita 25 hivi kwa 37. Hapo ndipo somo lilipofunguka pasipo sisi kusema neno. Tuliuliza: ikiwa kila mpagazi achukua mita 2 za njia, ni wangapi wataenea ubaoni? Kumi na wanane. Na wapagazi 1,000 wakifuatana mmoja mmoja? Hao watachukua kilomita 2, na kwa skeli yetu ni mita 57. Watoto walilipima darasa kwa hatua, wakatoka nje, wakavuka uwanja, wakafika kwenye uzio wa shule, na mkia wa msafara ulikuwa bado. Hatujui hotuba ambayo ingefanya kazi ile.

Ardhi tuliijenga kwa karatasi kuukuu zilizolowekwa na kupondwa pamoja na uji wa unga wa ngano, juu yake tukapaka udongo uliochanganywa na samadi ili usipasuke. Majani ni nyuzi za katani na mabua ya ngano yaliyokatwa mafupi, jambo rahisi katika Hanang yenye mashamba ya ngano. Miiba midogo huwa miti isiyo na majani. Watu hufinyangwa kwa udongo wa mfinyanzi juu ya waya mwembamba. Mizigo huchongwa kwa kiini cha bua la mahindi, ambacho kila mtoto wa kwetu amekwisha kukitumia kutengeneza gari. Kausheni kivulini siku tatu. Anayeanika juani atakusanya vipande.

Rangi yahitaji subira zaidi. Nyeusi ni masizi na gundi ya mgunga; nyekundu na manjano ni udongo uliochekechwa kwa kitambaa na kukorogwa na kiini cha yai; nyeupe ni chokaa. Kaki hupatikana kwa udongo wa manjano na majivu kidogo. Mtoto hupaka rangi moja nzito, akaona amemaliza, na mtu wake huonekana kama pipi. Mfundishe hatua mbili zaidi. Kwanza, maji ya masizi, mepesi kama chai ya mkandaa, yapitishwe juu ya mtu mzima: yataingia katika mikunjo ya nguo na kukaa humo kama kivuli. Yakikauka, chovya brashi katika rangi nyepesi, ifute katika karatasi hadi iwe karibu kavu, kisha iguse mabega, magoti na pua tu. Hapo mtu hupata mwili. Matope mabichi yatang'aa ukiyapaka ute wa yai, lakini yapake pale tu ambapo gurudumu au kwato imepita. Ukipaka kila mahali utapata ziwa.

Sasa ile hofu nzito. Katika shule ya kwanza, watoto walipoachiwa udongo siku ya kwanza, ubao ulijaa bunduki, wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyebeba chakula. Tukaweka sheria: atakayefinyanga bunduki moja, sharti kwanza afinyange wapagazi wanne, kila mmoja na mzigo wake, pekupeku. Wakanung'unika, wakafinyanga. Kufikia mpagazi wa tatu, mikono huanza kuuliza maswali ambayo kitabu hakiulizi: huyu alikula nini? Alilala wapi mvua ikinyesha? Tuliwaeleza kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee katika vita ile ya 1914 hadi 1918 wanakadiriwa kuwa karibu laki moja, walio wengi kwa maradhi, na kwamba jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, limetokana na jeshi lao. Tukawaonyesha pia picha mbili za sanamu za kumbukumbu. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina askari mmoja na bunduki yake. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Msichana mmoja akasema kuwa ubao wetu wafanana zaidi na wa Nairobi. Sisi twaona alisema kweli, na twaona pia kwamba mwalimu aliyejaza ubao wake bunduki tupu hajatengeneza zana ya kufundishia bali mchezo.

Katika shule hiyo hiyo alikuja mzee mmoja aliyepigana Uganda mwaka 1979. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, akainama juu ya ubao kwa muda mrefu, akauliza neno moja tu: "Maji yako wapi, wajukuu?" Wakamwonyesha kilele cha Lolkisale, walichokiweka pembeni nje ya skeli kwa kuwa hawakuona haki kukiacha. Mzee akatikisa kichwa, akaketi, naye akawaeleza habari za kiu kwa nusu saa. Bunduki hakuitaja.

Karibu na Katesh mambo yalikuwa mengine. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Watoto wale waliyajua matope kuliko sisi. Mmoja wao hakutaka kuyagusa, nasi hatukumhimiza. Alitengeneza miti yote ya ubao ule, na ilikuwa miti mizuri. Mwanachuo atakayefundisha huko na apime kwanza ni nini ambacho darasa lake limekwisha kukiona kwa macho.

Yule asiyetaka kabisa vita ya wageni ana mfano mwingine tayari katika milima ya Mbulu. Katika nchi ya Mama Isara, Wairaqw walichimba nyumba zao ndani ya mteremko, paa la udongo likawa sawa na ardhi, ili watu na ng'ombe wasionekane na Wamasai waliokuja kuteka mifugo. Mfano wa namna hii huipindua kazi yote, kwa kuwa ustadi wake ni kuficha. Ardhi ya paa ipakwe rangi ile ile ya kilima, na nyasi zipite juu yake bila kukatika. Upande mmoja wa ubao uachwe umekatwa wima na kufunikwa kwa kipande cha boksi. Mgeni akishatazama na kuuliza nyumba iko wapi, mtoto ataondoa kipande hicho, na ndani wataonekana ng'ombe, jiko, na watu walioketi kimya.