Mwizi kaingia, mimi nimo ndani

Wadau, nimeadimika wiki mbili hizi. Sio mitihani. Tumeibiwa geto, na kuna jambo inabidi nilitoe moyoni.

Kwa wasiotujua, tumepanga watatu huku Changanyikeni, vyumba vitatu na sebule: mimi wa elimu, Injinia, na Mipango. Tunapika kwa zamu, luku tunachangishana, na ugomvi wetu mkubwa huwa ni nani kamaliza sukari. Sebuleni palikuwa na sabufa ya Injinia, ile ya kuwaamsha hadi majirani.

Jumamosi moja mdogo wake Mipango alikuja kutusalimia kutoka Manzese. Dogo anapenda singeli kuliko chakula. Mimi singeli nilikuwa naiita kelele za wahuni. Akanirushia nyimbo kama thelathini kwenye simu, akanipa na darasa: muziki ulikulia kwenye vigodoro vya uswahilini, vipande vya taarabu vikakimbizwa mpaka mapigo yakavuka 200 kwa dakika. Kumbe mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilishatoa mkusanyiko mzima wa studio ya Sisso ya hapa hapa Dar. Wazungu wanaruka, mimi niko Dar sijui kitu!

Basi bwana, Jumatatu saa mbili usiku wenzangu wametoka. Mimi nimejifungia chumbani, taa nimezima, hedifoni masikioni, sauti mwisho. Nilipotoka kunywa maji nikakuta kufuli la mlango wa jikoni limekatwa na mlango umening'inia. Sabufa hakuna. Kompyuta ya Injinia, yenye ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, hakuna. Mtungi wa gesi hakuna. Maharage yangu wameyaonja na kijiko wameacha mezani.

Wenzangu waliporudi nikasema nilikuwa nimetoka kununua vocha. Niliona aibu. Nani atakuelewa kwamba mlango umevunjwa hatua kumi kutoka kitandani kwako na wewe unatingisha kichwa?

Tukaenda kituoni, tukapewa RB, tukarudi. Ndipo maneno yakaanza. Injinia akasema, "Aliyekuja alijua tunatoka saa ngapi." Kimya. Halafu akaongeza, "Na dogo aliulizia sana hii sabufa." Mipango hakujibu. Kesho yake akaanza kufunga chumba chake kwa kufuli na kula peke yake. Mimi niliyejua kuwa dogo hana kosa lolote nilikaa kimya siku mbili. Nilijiambia hakuna aliyemtaja kuwa mwizi.

Jumatano usiku nikamsikia Mipango akiongea na simu ukumbini. "Mdogo wangu, niambie tu ukweli, sitakasirika." Sikusikia jibu, nilisikia simu imekatwa.

Nikatoka. Nikawaambia yote: chumbani, singeli, vocha ya uongo. Injinia alinitazama muda mrefu, akaingia kulala. Hajanisemesha mpaka Jumapili, na ana haki. Mipango aliniambia neno moja tu: "Ungesema Jumatatu."

Dogo nilimpigia mwenyewe kumwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kaka, ulikuwa wimbo wa ngapi walipoingia?" Nikacheka, naye akacheka, lakini hajaja tena kututembelea.

Wadau, mwezi wa saba naenda mazoezi ya kufundisha. Saikolojia ya elimu nimepata B+. Lakini siku simu ya mwanafunzi ikipotea darasani, nitamtazama nani kwanza? Yule anayetoka mtaa gani?

Kufuli jipya tumechanga. Sabufa bado, kwa hiyo nyumba imepoa. Jana nikiosha vyombo Injinia kapita nyuma yangu, kachomoa hedifoni moja, kaweka sikioni kwake. Kasikiliza kama dakika. "Ndo hizi?" Nikamwambia ndo hizi. Akanirudishia, akaenda kukagua mlango.