Njia ya Mangapwani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kijana wa skuli, na Unguja mwenye baiskeli alihesabiwa tajiri. Ami yangu alikuwa na Phoenix ya Kichina. Mimi nikaazima ya jirani. Tukatoka Malindi alfajiri, tukashika njia ya kaskazini, bahari mkono wa kushoto.

Maruhubi tulikuta nguzo nene za mawe zimesimama safu safu, hazina paa la kubeba, na pembeni mikoko. Ni magofu ya kasri ambalo Sultani Seyyid Barghash aliwajengea wake na masuria wake. Moto wa 1899 ukala mbao zote. Mtoni tulipita haraka, ingawa ndipo alipozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, mwaka 1844. Ami alitaka tufike Kidichi kabla jua halijawa kali.

Mlima wa Kidichi unapandwa kwa kusukuma. Karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini uani mwa watu, na harufu yake ilitufuata mpaka kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad. Ndani kulikuwa na ubaridi. Nilipitisha vidole juu ya maua na ndege wa lipu ukutani, nikaona uzuri mtupu.

Mangapwani tulifika adhuhuri. Ami akanishusha ngazi hadi kwenye chumba kilichochimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, giza, hakina dirisha. Mwaka 1873, Barghash yuleyule wa Maruhubi, kwa shinikizo la Waingereza, aliridhia mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Biashara haikufa, ilijificha. Watu walifungiwa humu wakisubiri jahazi.

"Mwanangu," Ami akaniambia, "ile karafuu uliyoifurahia Kidichi, waliopanda mashamba yake ni ndugu za hawa."

Baadaye tulikwenda kunawa kwenye pango la maji baridi lililo upande huohuo wa pwani. Sikuwa na la kusema.

Zaidi ya miaka 40 imepita. Siku hizi wageni wengi hupelekwa Mangapwani kwa gari, wakashuka, wakapiga picha, wakageuza. Chumba kile hakieleweki hivyo. Nawaomba vijana wanaotembeza wageni kwa baiskeli, nawe msomaji ukijaaliwa kuja: anza na Maruhubi, panda Kidichi, inuse karafuu kwanza, ndipo ushuke ngazi zile.