Bustani na Misitu ya Nairobi, na Watu Walioitetea

Mgeni aingiaye Nairobi hukutana kwanza na magari, moshi na majumba marefu, naye hudhani kwamba mji huu hauna tena hata pahali pa kuotesha mchicha. Wasomaji wapenzi, tusihukumu mapema. Jina lenyewe la mji latoka katika lugha ya Wamaasai, na maana yake ni maji ya baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, palikuwa na mito na majani tele. Majani yale hayakwisha yote. Twendeni basi tukayatafute, sisi pamoja na watoto wetu. Na njiani tutaona kwamba hayakusalia kwa bahati tu.

Tuanze katikati ya mji, katika Bustani ya Jeevanjee. Bwana A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, aliitoa kwa watu wa mji mwaka 1906. Ni ndogo, kama eka 5 tu, lakini wakati wa adhuhuri hujaa: karani ajinyoshaye majanini, kijana atafutaye kazi, mhubiri apazaye sauti. Mwaka 1991 palitokea shauri la kujenga humo maegesho ya magari yenye ghorofa nyingi. Mjukuu wa Jeevanjee, Bi Zarina Patel, akawaamsha watu kulipinga, na bustani ikapona.

Si mwendo mrefu kwa miguu kutoka hapo mpaka Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwezi wa Mei 1969. Ukitazama nyasi zake na ziwa lake dogo, huwezi kudhani kwamba nusura pahali hapo pafunikwe kwa saruji. Mwaka 1989 wakubwa wa serikali walitaka kujenga humo nyumba ya ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Mama mmoja, Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 1977 alikuwa ameanzisha chama cha kupanda miti, akashika kalamu akaandika barua huku na huku, kwa wakubwa wa nchi na wa ng'ambo. Wabunge wakamdhihaki, chama chake kikafukuzwa katika ofisi za serikali. Yeye hakunyamaza. Mwishowe waliotazamiwa kutoa fedha wakarudi nyuma, na nyumba ile haikujengwa.

Faida yake ilionekana upesi. Mwaka 1992 akina mama ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa mambo ya siasa waliketi penye pembe moja ya bustani hiyo, wakajinyima chakula, wakidai watoto wao. Askari waliwapiga na kuwatawanya, lakini hawakuacha madai yao, na mwaka uliofuata wengi wa wafungwa wale wakafunguliwa. Tena tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ya Kenya ilitangazwa papo hapo mbele ya umati wa watu. Kama ghorofa zile 60 zingalijengwa, watu wale wangalikusanyika wapi?

Mwenye kupenda utulivu na apande mpaka Bustani ya Miti, karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 kwa sababu ya garimoshi. Injini za siku zile zilikula kuni nyingi mno, na wenye mamlaka walitaka kujua ni miti gani ya kigeni itakayokua upesi katika nchi hii. Wakapanda ya namna nyingi, wakapima. Leo injini hazili kuni tena, lakini miti imebaki, aina zaidi ya 300. Wazazi wenye watoto wa shule watapata hapo somo lisilohitaji ubao.

Katika City Park, upande wa Parklands, wenyeji ni kima, nao hawana haya: mwenye ndizi mkononi na aishike sana. Karibu na hapo wamelala Pio Gama Pinto, mpigania haki aliyeuawa mwaka 1965, na rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa Rais.

Sasa tuelekee kaskazini, katika msitu wa Karura, wenye hektari zaidi ya 1,000. Humo mna maporomoko ya maji, mapango, mianzi, na mbega warukao juu ya matawi. Msitu huu nao ulikuwa umeanza kugawanywa kwa siri kwa watu wenye nguvu, ili wajenge nyumba. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti. Wakashambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Rais akakataza ugawaji wa ardhi ya watu wote. Hata hivyo, kwa miaka mingi raia waliogopa kuingia kwa sababu ya wanyang'anyi. Mwaka 2009 majirani wa msitu waliunda chama, wakashirikiana na idara ya misitu. Ukajengwa ua, wakawekwa walinzi. Ndipo jamaa zikaanza kuja.

Kusini mwa mji mna Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1946, yenye kilomita za mraba 117. Simba na vifaru huishi humo, na nyuma yao waonekana mnara na ghorofa. Pande tatu zina ua. Upande wa kusini u wazi, wanyama wapate kwenda na kurudi katika nyanda za Kitengela. Lakini huko nako nyumba na nyua zaongezeka, na tangu mwaka 2019 garimoshi lapita juu ya hifadhi kwa daraja refu. Vita ya ardhi, basi, haijakwisha.

Twasema haya kwa nini? Tajiri ana bustani yake nyuma ya ukuta. Lakini mtoto wa jamaa ikaayo katika chumba kimoja, yeye atakimbia wapi, kama si katika uwanja wa watu wote? Amwibiaye mtoto huyo kivuli, amemwibia maskini.

Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Mwaka 2005 viongozi wa nchi za Afrika ya Kati walimchagua awe balozi wa misitu ya Bonde la Kongo, maana yake misitu yetu. Alifariki mwaka 2011. Nasi tukaao katika miji ya Kongo, tusingojee mwingine wa kufanana naye. Tujue ni wapi miti ya mji wetu iliposimama, tuwapeleke watoto siku ya mapumziko, na tuulize mapema tuonapo vigingi vinapigwa. Uwanja usiotembelewa na mtu, siku utakapochukuliwa, hautakuwa na wa kuulilia.