Mtoto Asiyesikia

Faili lake lilimtangulia. Ilikuwa mwaka 1979, nami nilifundisha katika mojawapo ya shule za serikali za kurekebisha watoto watukutu nchini Kenya, zile tulizoziita "aprovu". Korti ya watoto ilikuwa imemleta kwa miaka mitatu, ikisema kwamba anahitaji nidhamu. Faili lilisema hasikii la mama wala la mwalimu.

Nikamchukulia hivyo. Nikimwita, haji. Nikimuuliza, ananikodolea macho mdomoni kama anayenifyoza. Nilimchapa, tena si mara moja, na mikono hii bado inakumbuka.

Asubuhi tulisomesha, alasiri wanafunzi wakienda shambani, ushonaji au useremala. Fundi wa useremala, mzee asiye na cheti cha ualimu, ndiye aliyeniita. "Mwalimu, hebu njoo umtazame huyu." Mvulana alikuwa ameweka kiganja juu ya meza huku mwenzake akipiga randa, randa ikikwama, yeye ndiye wa kwanza kujua. Kisha fundi akaangusha nyundo ndani ya debe tupu nyuma yao. Wengine wote waliruka. Yeye hata hakugeuka. Nilimsogelea. Sikio la kushoto lilizibwa kwa pamba iliyolowa usaha, na ile harufu niliyokuwa nikimkaripia kwamba haogi ilitoka humo.

Shule za viziwi zilikuwapo Mumias na Nyang'oma tangu 1961, lakini kati ya nyumbani kwao na kortini hapakuwa na mtu wa kumpima. Vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu vilianza 1984, kwa msaada wa Denmark. Chuo cha KISE cha kuwaandaa walimu wa watoto hao kikafuata 1986. Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001. Kwake, yote hayo yalichelewa.

Masikio yalitibiwa, ingawa hayakupona sawasawa. Nikamkalisha mbele, nikajizoeza kutosema nikiwa nimeuelekea ubao. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anasoma.

Siku ya wazazi kututembelea nilimngojea mama yake langoni.

"Mama, mtoto wako hasikii."

Akainamisha kichwa kwa aibu. "Si ndiyo maana nikampeleka kortini, mwalimu?"

Ikabidi nishike sikio langu.