Waridi la Uani Kariakoo

Ukishuka kwenye basi pale Mnazi Mmoja Jumapili asubuhi, kabla mikokoteni haijaziba njia, ifuate Barabara ya Uhuru mpaka Kariakoo, kisha uingie mtaa wowote utakaokupendeza. Usitazame ghorofani. Tafuta nyumba ya chini ambayo mlango wake wa mbao ungali wazi na mzee ameketi barazani. Mpe salamu, usimame kidogo. Kama una bahati, mwisho wa ukumbi utaona mwanga wa uani, na katika mwanga huo debe kuukuu lenye kichaka cha miiba na maua ya rangi ya waridi iliyopauka. Harufu yake itakufikia hapo hapo mlangoni.

Mitaa hii ina majina ya miti ambayo haimo tena: Mchikichi, Mkunguni, na huo Mnazi Mmoja wenyewe. Wajerumani ndio walioanza kupima viwanja hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaweka kambi ya wapagazi wao wa kijeshi, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo Kariakoo. Baadaye zikajengwa nyumba unazozijua: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na nyuma uani pa kupikia, kufulia na kuzungumza. Lugha yetu inauita ua wa nyumba na ua la mti kwa neno moja, na katika nyumba hizo vitu hivyo viwili havikuachana. Palikuwa na mwasumini ukutani, mrehani karibu na mtungi, na waridi ndani ya debe.

Wala halikuwa pambo tu. Petali zake zilikaushwa na kutiwa katika singo ya bibi harusi. Maua mabichi yaliingia kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani. Marashi ya mawaridi, yale yanayonyunyizwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusini, kwa kawaida yalitoka ng'ambo. Huko Oman, katika milima ya Jabal Akhdar, wakulima wangali wakiyachuma mawaridi alfajiri wakati wa msimu na kuyapika ili kupata maji yake.

Wataalamu wa Ulaya huyaita mawaridi ya kizamani yale ya jamii zilizokuwapo kabla ya mwaka 1867, ulipotokea mche wa Kifaransa uitwao La France. Moja ya jamii hizo ilizaliwa katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Katika kisiwa cha Réunion, kilichoitwa zamani Bourbon, wakulima walipanda mawaridi kuwa wigo wa mashamba. Waridi la asili ya China likachanganyika na lile la Dameski, na mwaka 1817 mtaalamu wa mimea, Bréon, akautambua mche mpya. Ukaenea Bara Hindi, ambako maua yake yalifumwa mashada. Mawaridi ya namna hiyo huchanua mara nyingi kwa mwaka na hunukia. Yale ya shina refu yanayolimwa Arusha na kupelekwa Ulaya kwa ndege ni mazuri kwa macho, lakini uyanuse: aghalabu ni kama kunusa karatasi.

Sasa nyumba za chini zinaondoka. Tangu miaka ya 1990 ghorofa zimeota Kariakoo kuliko mti wowote, na ghorofa hujengwa mpaka mpakani. Uani hapabaki hata pa kuweka sufuria. Sisemi tusijenge. Watu wanahitaji vyumba na maduka. Ila nyumba ikibomolewa, tingatinga halitofautishi kifusi na mche, na waridi la namna hii hulipati kwa urahisi dukani. Nilizunguka katika maduka ya mbegu na dawa za mimea karibu na soko kuu, lile alilolisanifu Beda Amuli na likaungua Julai 2021. Muuzaji mmoja akanionyesha picha ya waridi jekundu kwenye pakiti. Nikaondoka.

Bibi mmoja wa karibu na Mtaa wa Sikukuu ndiye aliyenisaidia. Nyumba ilikuwa ya mirathi, na warithi walikuwa wamekubaliana kuiuza. Yeye angehamia Mbagala kwa binti yake.

“Shikamoo, Bibi. Naomba kijiti kimoja cha waridi lako.”

“Marahaba, mwanangu. Kimoja cha nini? Chukua vitano, vingine vitakufa.”

Mche huo alipewa na somo yake aliyetoka nao Unguja ndani ya kopo, akiushika mapajani chomboni. Akakata vijiti kwa kisu cha jikoni, akavifunga kwa gazeti lililoloweshwa maji. Nililitazama: lilikuwa letu, la Jumapili iliyotangulia.

Vyote vitano nikavitia katika bilauri ya maji dirishani pa ofisi, penye jua kali. Baada ya wiki moja vilikuwa vyeusi chini na vinanuka. Kosa lilikuwa langu, na nilirudi kwa Bibi kwa aibu. Hakunicheka. Akaniketisha, akanifundisha.

Chagua tawi lililomaliza kuchanua karibuni, unene wa penseli, si changa sana wala si gumu. Kata urefu wa shubiri moja, chini kidogo ya jicho. Ondoa majani yote ila mawili ya juu. Chomeka katika mchanga uliochanganywa na mboji ndani ya kopo lililotobolewa, macho mawili yakiwa udongoni. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, uweke kivulini. Masika ndiyo majira yake. Jua la Januari ni adui. Na usikivute kijiti kutazama kama kimetoa mizizi! Hapo ndipo wengi tunapoharibu.

Nilipopita tena mtaani baada ya wiki chache, mlango wa mbao ulikuwa umeng'olewa, na paa halikuwapo.

Vijiti vyangu vilikuwa sita, vitatu vikashika. Mwezi wa pili majani mapya yalitokeza, mekundu kama vidole vya mtoto mchanga. Mmoja nilimpa fundi mitambo wa gazeti letu, wa pili jirani yangu wa Ilala anayeishi orofa ya tatu na kuuweka kwenye kibaraza. Wa tatu niliupakata ndani ya basi la Mbagala, nikijitetea kwa abiria waliochomwa na miiba.

Bibi alinipokea uani kwa binti yake, uani padogo penye kamba ya nguo. Mche wake mkubwa, alioung'oa na kupandisha kwenye lori mchana wa jua, ulikuwa umekauka. Alilipokea kopo langu kwa mikono miwili, akanusa chipukizi ingawa halikuwa na ua bado.

“Wengine umewapa nani?” aliuliza.

Nikamtajia fundi na jirani.

“Wawili tu?” alisema, akaenda kuchota maji.