Paka wa Nyanya

Nyanya yangu alikuwa na paka jike wa rangi tatu: nyeupe, nyeusi na ya machungwa. Siku moja nilimwuliza sababu ya madoa yale. Akajibu, "Sababu siijui, mjukuu wangu. Nijualo ni kwamba tangu kuzaliwa kwangu sijaona dume mwenye rangi hizo tatu." Nilicheka, nikadhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe kikongwe yule, asiyepata kuingia darasani, alikuwa ameshika ncha ya uzi ambao mimi ningeufuata kwa miaka mingi.

Mwili wa mnyama umejengwa kwa seli, na katika kiini cha karibu kila seli umo uzi wa urithi uitwao DNA. Uzi wa seli moja ya mwanadamu, ukinyoshwa, una urefu wa yapata mita 2. Nao umeenea ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Huenea kwa kuwa umezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama mshoni azungushavyo uzi kijitini. Uzi na histoni kwa pamoja ndio kromatini. Palipolegea, jeni husomeka. Palipokazwa sana, jeni hunyamaza. Ndiyo maana seli ya jicho na seli ya ini, ingawa zina urithi mmoja, hazifanyi kazi moja.

Nyanya alisema kweli. Jeni ya rangi ya machungwa imo katika kromosomu X. Paka jike ana X mbili. Dume, isipokuwa kwa nadra sana, ana moja. Mwaka 1949 Murray Barr na Ewart Bertram, huko Kanada, waliona kijidoa kilichokoza katika seli za fahamu za paka majike, wasikione kwa madume. Mwaka 1961 Mary Lyon, aliyekuwa akichunguza panya huko Harwell, Uingereza, alieleza kwamba mimba ingali changa, kila seli ya jike huinyamazisha X moja bila kuchagua, na seli zote zitokanazo nayo hufuata vivyo hivyo. X yenye machungwa ikinyamaza, manyoya huwa meusi. Ikinyamaza ya pili, huwa ya machungwa. Weupe hutokana na jeni nyingine.

Nilipokwisha kupata shahada ya udaktari, niliajiriwa kwa mkataba mfupi kuchunguza jinsi jeni zinavyonyamazishwa. Baada ya miezi minane nilipata jawabu nililolitamani. Makala ilikuwa tayari, na mkataba ulikaribia kwisha. Bila makala sikuwa na tumaini la kazi nyingine. Nikarudia jaribio kwa mara ya mwisho: jawabu halikutokea. Nikarudia tena, halikutokea. Usiku ule nafsi iliniambia, "Nani atajua?" Ndipo nilipomkumbuka Nyanya, ambaye hakuona haya kusema "siijui", na ambaye alishuhudia lile tu aliloliona.

Kulipokucha nilimweleza mkuu wangu yote. Makala haikutoka, nami nilikaa miezi mitano bila mshahara. Ilikuwa miezi mirefu, lakini usingizi wangu ulikuwa mtamu.

Seli huwa na afya kwa sababu kila jeni husema kwa wakati wake na kunyamaza kwa wakati wake. Mtafiti naye ni hivyo: neno ambalo hajalithibitisha, hata likiwa tamu namna gani, na alinyamazishe.